Konvata ya mtumba au iliyokarabatiwa? Hesabu ya mwenye gari Ipole

Gari la otomatiki likikaa Ipole lina kazi mbili zisizofanana. Kuna lami itokayo Tabora kupitia Sikonge kwenda Koga na Mpanda, na kuna njia za miombo ziendazo kwenye mizinga ya nyuki na mashamba ya tumbaku: kichanga kiangazi, tope jeusi la mbugani masika. Kinachoumia katika kuhama huku kutoka lami kuingia porini ni konvata, lile dude la duara lililo kati ya injini na giaboksi.

Konvata hufanya kazi ya klachi kwa kutumia oili. Gari linapoanza kuondoka, huzidisha nguvu ya mzunguko ya injini karibu mara mbili, ndiyo maana IST yenye injini ndogo hung'oka na mzigo bila kelele. Lakini injini ikizunguka kasi kuliko giaboksi, nguvu inayopotea katikati hugeuka joto. Kwenye lami, ukishakolea mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konvata hubana pande mbili zikazunguka pamoja, na oili ikapoa. Porini, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, klachi hiyo haibani, na upepo wa kupoza rejeta ni hafifu. Gari halijaenda mbali, lakini oili imeungua.

Ndiyo sababu nawasihi vijana wenye Mark II wasiige konvata za mashindano ya robo maili. Hizo hutengenezwa ziteleze makusudi hadi injini ifike mizunguko 3,000 au zaidi kwa dakika, ili gari liruke kutoka mstarini. Zinafaa mbio za mita 402. Kwenye kichanga zitapika oili mapema zaidi kuliko konvata iliyokuja na gari kutoka Japani.

Kabla ya kununua chochote, jua kilichokufa. Pasha injini na oili ya giaboksi moto, hakikisha kiwango chake ni sahihi, weka vizuizi vya magurudumu, watu wasisimame mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, weka D, kanyaga mafuta mpaka mwisho, soma mizunguko, achia. Usizidishe sekunde 5. Linganisha na kipimo cha kitabu cha ufundi cha gari lako. Magari mengi madogo ya Toyota huwa kati ya 2,000 na 2,800. Ikiwa chini mno, injini imechoka au konvata imekufa ndani. Ikiwa juu mno, zinazoteleza ni klachi za giaboksi, na konvata mpya haitakusaidia kitu. Ukichomoa kijiti ukaona oili nyeusi yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma, fikiria giaboksi nzima.

Tukubali kwamba ni konvata. Bei hubadilika kila meli inapoingia, kwa hiyo weka za kwako kwenye mfano huu. Tuseme ya mtumba ni shilingi 200,000, iliyokarabatiwa 400,000, kushusha na kupandisha giaboksi 150,000, oili 150,000. Ya mtumba inafika 500,000, iliyokarabatiwa 700,000. Ya mtumba ikifeli, unalipa tena zote: milioni moja. Ukipiga hesabu, bei zinalingana ikiwa katika kila konvata 5 za mtumba 2 zitafeli. Kwa mkazi wa Dar es Salaam aliye karibu na maduka ya vipuri ya Gerezani, anayeweza kurudisha kifaa kesho yake, naona mtumba una mantiki. Kwa mtu wa Ipole ongeza nauli ya mzigo na siku za gari kulala msimu wa kusafirisha tumbaku. Mimi ningechukua iliyokarabatiwa, na ningedai dhamana ya maandishi kutoka kwa fundi aliyeipasua.

Oili isikupite kwa haraka. Ukifungua nati ya chini, sehemu kubwa ya ile ya zamani hubaki ndani ya konvata, kwa hiyo kumwaga mara moja hakutoshi. Rudia baada ya kutembea kidogo. Toyota nyingi za gia nne hutumia oili aina ya T-IV. Probox za petroli za toleo jipya la 2014 ni za CVT, yaani giaboksi ya mkanda, nayo ina oili yake. Ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaua mkanda wa ndani. Kipoza oili cha ziada, kinachofungwa mbele ya rejeta, ndicho ningekifunga kwanza.

Anayeingia porini kila siku anunue gari la gia za mkono. Klachi yake hubadilishwa na fundi wa Sikonge, na betri ikifa watu wawili wanalisukuma likawaka. La otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, na likiharibika halivutwi kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka chini; lipandishwe kwenye lori hadi Tabora, na gharama ya lori hilo nayo iingie kwenye karatasi siku unapochagua gari.