Nyumba Iliyojengwa kwa Majuma Mawili

Wengi wetu tumepata kumwita fundi atujengee, nasi twajua jinsi mfuko unavyotoboka mwashi anapoanza kuhesabu siku zake. Kwa hiyo habari za Walter Segal zafaa kusikiwa. Alizaliwa mwaka 1907, mwana wa mchoraji picha kutoka Romania, akasomea kuchora ramani za majumba siku zile mabingwa wa Ujerumani walipokuwa wakisifu chuma, saruji na kioo. Mwaka 1936 alihamia London.

Mapema katika miaka ya 1960 Bwana Segal alitaka kujenga upya nyumba yake huko Highgate. Je, jamaa yake wangelala wapi? Akasimamisha kijumba cha mbao bustanini kwa majuma mawili, kwa pauni 800 tu. Hakuchimba msingi, nguzo zilisimama juu ya mawe bapa ya kutandikia njia. Mabamba ya ukuta aliyatumia kwa kipimo kile kile cha dukani, bila kuyakata, kusudi yaweze kuuzwa tena. Lakini kijumba kile cha muda kilidumu miaka mingi baada ya nyumba kubwa kwisha, na watu wakaja kumwomba awachoree cha namna hiyo.

Siri yake ni hii: kazi zitakazo mkono uliozoea miaka mingi, yaani kupanga matofali na kupiga lipu, aliziondoa kabisa. Paa huchukuliwa na kiunzi cha nguzo na boriti zilizofungwa kwa bolti. Kiunzi huungwa chini, kisha huinuliwa na watu wengi pamoja. Ukuta haubebi kitu, hata mwenye nyumba aweza kuweka dirisha apendapo. Ajuaye kupima sawasawa, kukata kwa msumeno na kutoboa kwa keekee, huyo atosha.

Basi huko Lewisham, kusini-mashariki ya London, jamaa nyingi zilikuwa zikingojea nyumba za baraza, na huku vipande vya ardhi vimeachwa kwa kuwa ni vya mteremko au udongo mbaya. Mwaka 1976 baraza lilikubali watu wajijengee kwa njia ya Segal. Azimio lilipita kwa kura moja tu! Wakangoja tena zaidi ya miaka miwili, makaratasi yakienda huku na huku (nasi tukaao ofisini twazijua safari hizo). Hatimaye wakaanza, wengi wao wasiopata kushika kazi ya ujenzi maishani. Mteremko haukuwazuia: upande wa bondeni nguzo zilikuwa ndefu, upande wa juu fupi.

Bwana Segal alifariki mwaka 1985. Nyumba 13 za awamu ya pili zilikamilika mwaka 1987, na njia yao ikaitwa Walters Way. Baadhi ya wenyeji wamekwisha ongeza vyumba, maana ukuta uliofungwa kwa parafujo hufunguliwa kwa bisibisi ile ile.