Nyumba Inapogeuzwa Kituo cha Afya ya Akili: Mambo ya Kuchunguza

Katika miji ya Kenya, vituo vya ushauri nasaha na usaidizi wa afya ya akili hufunguliwa mara nyingi ndani ya majengo yaliyojengwa kwa shughuli nyingine, kama vile makazi, maduka au ofisi. Utaratibu huu una manufaa: huduma husogea karibu na watu, na mwenye kituo huepuka gharama ya kujenga upya. Hata hivyo, jengo haliwi kituo kwa kubadilishwa bango la mlangoni. Mtumiaji anashauriwa kuchunguza mambo matatu kabla ya kulipa ada au kumpeleka jamaa yake.

1. Kibali cha jengo

Kwa mujibu wa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, badiliko kubwa la matumizi ya jengo huhesabiwa kuwa uendelezaji, hata kama hapakuongezwa jiwe moja. Kwa hiyo mwenye kituo hana budi kupata kibali cha serikali ya kaunti. Anatakiwa pia kuutangazia umma ombi lake, ili wenye pingamizi waliwasilishe. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jirani ana haki ya kuuliza kuhusu maji taka, maegesho ya magari na usalama wa jengo. Lakini kuwachukia au kuwaogopa watakaohudumiwa si hoja ya mipango. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi unaotokana na hali ya afya au ulemavu.

2. Idhini ya kutoa huduma

Kibali cha jengo hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Kituo kinachotoa matibabu au kulaza wagonjwa kinahitaji pia leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Omba kuonyeshwa hati hizo. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo anayoyahitaji ili azifaidi.

3. Hali ya jengo lenyewe

Faragha: Kaa kidogo katika chumba cha kungojea. Ukiyasikia maneno yanayosemwa ndani ya chumba cha ushauri, basi na yako yatasikika. Kuta za mbao nyembamba hazitunzi siri. Faili nazo zihifadhiwe chini ya kufuli, kwani sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Njia za kutokea: Vyuma vya madirisha vilivyowekwa kuzuia wezi huwa mtego moto unapozuka. Tafuta mlango wa pili, na uhakikishe kwamba unafunguka.

Ufikaji: Mtu anayetumia kiti cha magurudumu aweze kuingia, kufika chooni na kutoka bila kubebwa.

Utu: Ukikuta watu wamefungiwa vyumbani kwa kufuli za nje, usimwache jamaa yako hapo. Toa taarifa bila kukawia.

Malalamiko kuhusu jengo yapelekwe katika ofisi ya mipango ya kaunti. Yanayohusu matibabu yapelekwe kwa Baraza lililotajwa. Tunza risiti na barua zote.

Tahadhari: Uchunguzi huu ni wa wakati wa utulivu. Mtu anayesema kwamba anataka kujidhuru asingojeshwe hadi hati zikaguliwe. Usimwache peke yake. Mfikishe mara moja katika hospitali iliyo karibu.