Asidi Chini ya Mikorosho: Udongo wa Newala na Masasi Unavyopimwa (Sehemu ya Tano)

Taarifa za mgawo wa salfa kwa wakulima wa korosho, ambazo hujirudia magazetini kila msimu wa kupuliza unapokaribia, huhesabu tani zilizoshushwa kwenye maghala ya vyama vya msingi na kunyamaza kuhusu mahali salfa hiyo inakoishia. Sehemu zilizotangulia zilieleza jinsi ugonjwa wa ubwiriunga ulivyoivamia mikorosho ya Kusini mwa Tanzania na jinsi unga wa salfa ulivyoinusuru. Kilichobaki ni udongo ulio chini ya miti hiyo.

Salfa inayodondoka ardhini haibaki kama ilivyo, kwa kuwa bakteria wa udongoni huiunganisha na oksijeni na maji ikawa asidi ya salfuriki, na kila kilo moja inayogeuka yote huhitaji takriban kilo tatu za chokaa ili asidi yake ipozwe. Mti ukipulizwa robo kilo mara tano kwa msimu, na shamba likiwa na miti 69 kwa hekta, kama ilivyo kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, hekta hiyo hutumia kilo 86 hivi kwa mwaka, ingawa sehemu yake hupeperushwa hadi kwa jirani ambaye pengine hakupuliza kabisa.

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho mwanakemia Søren Sørensen alikibuni mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, iliyoanzishwa na kiwanda cha bia. Saba ni katikati, na kila namba inaposhuka kwa moja, asidi huongezeka mara kumi, hivyo udongo wa pH 5 una ukali mara kumi ya ule wa pH 6. Hata hivyo, mita rahisi ya kukisoma kipimo hicho haikupatikana hadi mwaka 1934, na habari ya mwaka huo inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ni habari ya ushirika wa wakulima. Ushirika wa wakulima wa matunda wa California ulikuwa na mkemia wake, Glen Joseph, aliyetakiwa kupima ukali wa maji ya malimau yaliyohifadhiwa kwa gesi ya salfa dioksidi. Gesi hiyo ilififisha rangi ya karatasi za litmasi na kuharibu elektrodi za haidrojeni, nazo elektrodi za kioo, zilizostahimili gesi hiyo, zilitoa umeme hafifu mno na kuvunjika ovyo. Joseph alimwendea Arnold Beckman, aliyesoma naye, naye Beckman akaukuza umeme huo kwa taa za kielektroniki kama zilizokuwamo katika redio za zamani, akazaa mita ya pH. Wakulima wale hawakungoja serikali iwapimie malimau yao, na vyama vya msingi vya Masasi na Newala, vinavyokata makato kwa kila kilo ya korosho, havina udhuru wa kukosa hata mita moja.

Kazi yenyewe si ngumu. Udongo huchukuliwa sehemu kadhaa chini ya matawi na kati ya mistari, tabaka la juu likitengwa na la chini, kisha hukaushwa kivulini na kuchekechwa. Gramu 10 hutiwa katika mililita 25 za maji yaliyotoneshwa, hukorogwa na kuachwa nusu saa, na elektrodi iliyorekebishwa kwa vimiminiko vya pH 4 na 7 huzamishwa. Ili ijulikane kama asidi hiyo imetokana na salfa, dawa ya bariamu kloridi hutiwa katika maji yaliyochujwa, na salfeti ikiwapo hutokea wingu jeupe, ambalo uzito wake husomwa kwa mwanga.

E. L. Ngatunga wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 uwezo wa udongo wa mikorosho wa kuhimili asidi, na suala hilo ni zito hasa kwenye uwanda wa Makonde, ambako mchanga ni mwingi na mboji haba. Mkorosho wenyewe huvumilia asidi na kumdanganya mwenye shamba. Vinavyoumia ni mahindi na karanga vinavyopandwa kati ya miti, kwa kuwa pH ikishuka chini ya 5 alumini iliyofungwa udongoni huyeyuka na kudumaza mizizi.

Kwa msimu huu, basi, afisa ugani anayesimamia mgawo angeweza kuchukua sampuli siku ileile anapoandikisha miti, kabla ya kupuliza, na kuzipeleka Naliendele. Sehemu ijayo itahusu viuatilifu vya maji, ambavyo mita ya pH haivioni.