Moto Mdogo Ndio Unaoua

Picha za moto wa msituni zinazosambaa magazetini na kwenye simu huchaguliwa kwa ukubwa wa miali: ukuta mwekundu, miti inayowaka hadi kileleni, na mbele yake binadamu mdogo aliyevaa kofia ngumu. Picha hizo zimetuzoesha kuipima hatari kwa macho. Moto mkubwa tunauogopa, na ule unaotambaa majanini tunaukabili kwa matawi mabichi tukiamini utazimika. Ushahidi unapinga mazoea hayo. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Carl Wilson, alichapisha uchambuzi wa mioto iliyowahi kuua wazima moto nchini mwake, akitafuta yale yaliyofanana katika misiba hiyo. Aliona kwamba mingi ilitokea kwenye mioto midogo au kwenye pembe tulivu za mioto mikubwa, mahali penye nyasi na vichaka vyepesi, pale upepo ulipogeuka ghafla au moto ulipopanda mlima. Kwa maneno mengine, watu walikufa mahali ambapo hawakuona sababu ya kuogopa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba anayezima moto wa nyika huuawa zaidi na kile asichokitazama, na kwamba kinga yake ya kwanza ni uamuzi unaofanywa kabla hajaukaribia moto.

Tuanze na kuni zenyewe. Gogo nene huchukua muda mrefu kufikia joto la kuwaka, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake hutoka polepole. Unyasi mkavu hauna unene wa kuuchelewesha moto. Jua kali na upepo vinaweza kuukausha ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo majani yaliyokuwa na umande asubuhi huwa tayari kuwaka adhuhuri. Nchini Australia mioto ya nyasi imewahi kupimwa, katika upepo mkali, ikienda zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Mtu mwenye buti nzito na pampu ya maji mgongoni hawezi kukimbia kasi hiyo hata kwenye uwanja wa mpira. Akiwa mlimani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu: miali huyainamia majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla ya kuyafikia. Binadamu naye hupungua kasi kadiri anavyopanda. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana, wazima moto walioshushwa kwa miavuli walikuta moto ambao kwa macho yao ulikuwa wa kawaida. Moto huo ukavuka bonde, ukaingia kwenye nyasi kavu zilizokuwa chini yao na kuwafukuza kuelekea juu. Watu 13 walikufa. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alizichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia katika eneo lililoungua na kulala kifudifudi. Moto mkubwa ulipofika haukukuta cha kuchoma, ukampita. Aliwaita wenzake waingie naye, lakini hawakumfuata. Hawakuwa wamefundishwa mbinu hiyo, na katika sekunde chache za hofu hakuna anayeweza kujifunza jambo geni.

Upepo nao una namna yake ya kudanganya. Moto unaosukumwa na upepo huwa na kichwa chembamba kinachokwenda mbio na mbavu mbili ndefu zinazowaka polepole. Wazima moto hufanya kazi ubavuni kwa kuwa ndiko kuliko salama. Upepo ukigeuka, ubavu wote ule mrefu hugeuka kuwa kichwa kwa dakika chache, na pale palipokuwa salama ndipo panapokuwa njia ya moto. Ndivyo ilivyotokea Yarnell Hill, jimbo la Arizona. Radi iliwasha moto huo Juni 28, 2013, ukiwa mdogo usiofika hata ekari moja. Siku mbili baadaye mawingu ya mvua yalikaribia. Mvua inayonyesha kwenye hewa kavu hugeuka mvuke ikiwa bado angani. Hewa iliyopozwa hivyo huwa nzito, hushuka kwa nguvu na kutawanyika juu ya ardhi kama dhoruba. Dhoruba hiyo iliugeuza moto, nao ukawakuta wazima moto 19 wa kikosi cha Granite Mountain ndani ya korongo lenye vichaka vikavu. Wote 19 walikufa. Hawa hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa kikosi cha kuaminika, na hapo kabla walikuwa karibu na eneo lililokwisha kuungua, ambalo lingewahifadhi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni vifaa bora. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, maana vifaa vimeokoa watu wengi, lakini tuangalie mipaka yake. Wazima moto wa Marekani hubeba kihema cha dharura kilichotengenezwa kwa aluminiamu nyembamba iliyogandishwa kwenye kitambaa kisichoungua. Kihema hicho hurudisha takriban asilimia 95 ya joto linalosafiri kama mnururisho. Hata hivyo, gundi inayoshikanisha tabaka zake huanza kuharibika kwenye nyuzi joto 260 hivi, na miali ikikigusa moja kwa moja hakihimili muda mrefu. Watu wa Yarnell walikuwa navyo vihema hivyo. Joto mahali walipolala lilipita nyuzi 1,000. Kipimo kinachotumika kukadiria eneo la usalama ni umbali usiopungua mara 4 ya urefu wa miali, tena kwenye tambarare isiyo na upepo. Mlimani au penye upepo umbali huo hautoshi. Ndege nazo husaidia, na pia huua. Vifo 310 vya wazima moto wa nyika vilivyotokea Marekani kati ya 1990 na 2006 vilipochambuliwa, ajali za ndege, ajali za magari, mshtuko wa moyo na kuzingirwa na moto vilikaribiana sana, kila sababu ikichukua zaidi ya asilimia 20. Maana yake ni kwamba vifo vilivyotokana na kuzingirwa na miali vilikuwa chini ya robo.

Huo mshtuko wa moyo unatupeleka kwenye jambo ambalo hata wakuu wa vikosi hulisahau. Msuli unapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto, na mtu anayefyeka na kuchimba mkanda wa kuzuia moto kwa saa 12 huzalisha joto jingi mno. Watafiti wa Australia waliowapima wazima moto wakiwa kazini, katika mradi ulioitwa Aquarius, waligundua kwamba takriban theluthi mbili ya mzigo wa joto ilitoka ndani ya miili ya watu wenyewe, na theluthi moja tu ilitoka kwenye moto, jua na hewa. Matokeo hayo yanageuza fikra zetu kuhusu mavazi. Vazi zito linalozuia joto la nje hulifungia ndani joto la mwili, na jasho lisipopata pa kukaukia, moyo hulazimika kusukuma damu kwa ajili ya misuli na ngozi kwa wakati mmoja. Mtu huchanganyikiwa, huanguka, na wakati mwingine misuli yake huvunjikavunjika na kuziba figo. Nguo ya kazi hii inapaswa kuwa nyepesi, pana, ya pamba isiyoshika moto kwa urahisi. Maji na mapumziko kivulini ni vifaa vya kuokoa maisha sawa na koleo.

Moshi ndio adui anayesubiri. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, benzini, fomaldehaidi na chembe ndogo zinazopenya hadi kwenye vifuko vya mapafu. Wazima moto wa mijini hubeba mitungi ya hewa, lakini mtungi hudumu chini ya saa moja, na moto wa msituni huchukua siku nyingi. Kwa hiyo wengi wamefanya kazi na kitambaa tu usoni, ambacho hakizuii gesi wala chembe hizo ndogo. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, likitaja saratani ya kibofu cha mkojo na ya utando wa mapafu. Mtu anaweza kupinga kwamba saratani ya utando huhusishwa zaidi na asbesto ya majengo, na msituni kwa kawaida hakuna asbesto. Ni kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia moshi wa nyika peke yake, ukakadiria kwamba anayeufanyia kazi kwa siku 49 hadi 98 kila mwaka, kwa miaka 5 hadi 25, huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 8 hadi 43, na kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 16 hadi 30. Haya ni makadirio. Bado yanatosha kutuambia kwamba orodha ya waliokufa siku ya moto ni fupi kuliko inavyopaswa kuwa, kwa sababu wengine watazikwa miaka mingi baadaye bila mtu kuutaja moto huo.

Je, haya yanatuhusu Afrika Mashariki? Pingamizi la kawaida ni kwamba California na Arizona ni kwao, na kwetu kuna moto wa majani tu. Lakini moto wa majani mlimani ndio hasa alioutolea tahadhari Wilson. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, kituo cha mapumziko cha wapandaji wa Kilimanjaro, ukateketeza takriban kilomita za mraba 95. Waliopanda kuuzima, pamoja na askari wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), walikuwa mamia ya watu wa kujitolea, wengi wakiwa na mapanga, majembe na matawi. Ukanda ule una vichaka vya jamii ya Erica vinavyowaka hata vikiwa vibichi. Kwenye mita 3,000 hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko pwani, na kaboni monoksaidi huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili unaopanda, unaochimba na kuvuta moshi mahali kama hapo unadaiwa kutoka pande tatu. Watu hawa wanastahili heshima kubwa, na heshima hiyo haitoshi ikiwa inakuja kwa pongezi peke yake.

Swali gumu zaidi ni kama kumlinda mzima moto kunamaanisha kuuacha msitu uungue. Kwenye mbuga za nyasi jibu mara nyingi ni ndiyo: nyika hizo zimeishi na moto kwa milenia nyingi, na uchomaji wa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, hupunguza kuni za moto kichaa wa Septemba na Oktoba. Msitu wa mawingu wa Kilimanjaro ni tofauti. Ukiungua hurudi kwa shida, na vichaka huchukua nafasi yake. Ndiyo maana kazi ya kuulinda inapaswa kufanyika kabla ya kiangazi, kwa kusafisha barabara za kuzuia moto, kudhibiti majiko ya wapandaji na kuzungumza na warina asali kuhusu mioto yao. Moto ukishapanda korongo, hakuna mti wenye thamani ya mtu anayepelekwa juu ya moto huo.

Baada ya misiba ya namna hii, mzima moto Paul Gleason alipendekeza mwaka 1991 mambo manne: mwangalizi, mawasiliano, njia za kutokea na mahali pa usalama. Hayahitaji ndege wala bajeti ya taifa. Halmashauri, kamati za misitu za vijiji na wakuu wa hifadhi wanaweza kuyaanza msimu huu: mtu mmoja mwenye simu au redio akae mahali pa juu autazame upepo tu, kila kikundi kijue njia mbili za kutoka na eneo lililoungua la kukimbilia, majina ya wote waliopanda yaandikwe, na afya zao zifuatiliwe miaka inayofuata. Kiongozi asiyeweza kuyatimiza hayo asimruhusu mtu yeyote kuukaribia moto, hata kama miali yake haifiki magotini.