Aliyekuwa wa Kwanza Anapokuwa wa Arobaini

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Arusha, baada ya kilomita chache unafika Msalato. Siku hizi eneo hilo linatajwa sana kwa uwanja wake mpya wa ndege, lakini wazazi wengi walilifahamu kwa Sekondari ya Wasichana ya Msalato, mojawapo ya shule za Serikali za vipaji maalumu, kundi moja na Kilakala na Tabora Wasichana. Binti akichaguliwa kwenda shule ya namna hiyo, ukoo mzima hushangilia. Ndiyo maana mzazi huona vigumu kuamini kwamba ushindi huohuo unaweza kumfungulia mtoto mlango wa msongo wa mawazo.

Tumchukulie binti wa miaka 14 aliyetoka shule ya msingi ya kijijini, ambako kwa miaka saba hakuna aliyempita. Sasa amekaa katikati ya wasichana ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza alikotoka. Mtihani wa kwanza wa muhula, anatoka wa arobaini. Akili yake haijapungua hata chembe. Waliobadilika ni wale anaopimwa nao. Tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia Herbert Marsh wa Australia na wenzake wameonyesha jambo hili: ukichukua watoto wawili wenye uwezo sawa, yule aliye katika shule ya waliochujwa huelekea kujiona duni kuliko mwenzake aliye katika shule ya mchanganyiko.

Hali hiyo ikiachwa, hujizungusha yenyewe. Binti haulizi swali darasani asije akachekwa, na asichokielewa kinarundikana. Anajaribu kufidia kwa kuiba saa za usingizi: taa za bweni zikizimwa, anajifunika shuka na kusoma kwa tochi. Lakini kijana wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Anayekesha anasoma kingi na kukumbuka kidogo. Mtihani wa pili unakuwa mbaya kuliko wa kwanza, naye anaamini amepata ushahidi kwamba hafai.

Usitegemee aseme, “Nina huzuni.” Atasema kichwa kinauma au tumbo linasokota. Atapimwa malaria, haitaonekana, kisha ataambiwa anadeka. Maumivu hayo ni ya kweli, kwa sababu hofu ya muda mrefu hukaza misuli, huvuruga tumbo na kukata usingizi. Mara nyingine dhiki hiyo humwambukiza hata jirani. Mwaka 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kufikia Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamekumbwa na kicheko na kilio, na shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakuvipata. Hadi leo mabinti wanapoanguka na kupiga mayowe bwenini, wengi wetu tunakimbilia kusema ni mapepo, kabla hatujauliza wanaishi na wasiwasi gani.

Dodoma ina kikwazo kingine. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyofunguliwa enzi za Waingereza, imewahudumia Watanzania kwa miongo mingi, lakini mitaani jina lake limegeuzwa tusi. Mtoto anayejua kwamba kusema “sijisikii vizuri” kutamletea utani wa kupelekwa Mirembe atanyamaza. Mzazi na mwalimu wanaoukemea utani huo wanafanya kazi ya tiba bila kushika dawa.

Nyumbani, kazi kubwa iko katika maneno ya kwanza baada ya matokeo. Siku ya wazazi kutembelea, mazungumzo mengi huenda hivi:

“Umekuwa wa ngapi?”

“Wa arobaini, mama.”

“Wa arobaini? Na gharama zote hizi, na nauli? Mbona mtoto wa mama fulani ni wa tatu?”

Hapo mlango umefungwa. Mama yuleyule angeweza kusema, “Pole, mwanangu. Somo gani linakusumbua? Unalala vizuri? Rafiki zako ni akina nani?” Alama zitazungumzwa, ila zisiwe salamu. Na mtoto asikie mapema, kabla ya mtihani wowote, kwamba kushuka nafasi katika shule ya waliochujwa ni jambo la kawaida, wala halimpunguzii nafasi yake nyumbani.

Shule nayo ina la kufanya. Mwanzoni mwa 2023, likitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule na wanafunzi bora kitaifa. Basi mwalimu wa darasa naye anaweza kumpa kila mwanafunzi alama zake mkononi badala ya kubandika orodha ukutani, na kumlinganisha na alivyokuwa muhula uliopita. Mwalimu wa unasihi asiwe yuleyule anayeshika fimbo. Hakuna binti atakayempelekea siri mtu atakayemchapa kesho yake.

Wala hatuhitaji kusubiri mpaka kila shule ipate mwanasaikolojia. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao vinne vya saa moja kuhusu kukua kupitia makosa, shukrani na mambo ambayo mtu anayathamini. Katika utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Yapo ambayo hayaishi kwa mazungumzo. Mtoto akikosa hamu ya kula, usingizi na michezo kwa wiki mbili au zaidi, akijitenga, au akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba ya bure ya watoto, 116, nayo ipo kwa mtoto na kwa mzazi. Binti huyo alichaguliwa kwa sababu ana uwezo wa kujifunza, na uwezo huo unalindwa kwanza kwa kumlinda mwenyewe.