"Ondoa Shaka": Ni Nani Aondoaye?

Katika huduma ya faraja sisi wachungaji hupenda kusema, "Ondoa shaka." Ni maneno mazuri, lakini yafaa tuyachunguze kabla ya kuyatamka tena katika nyumba ya msiba.

Waingereza husema juu ya shaka lililokwisha kwamba limelazwa lipumzike, kwa maneno yale yale wayatumiayo kwa marehemu azikwapo. Sisi tulio Kirua Vunjo twaielewa vema picha hiyo. Marehemu hulazwa kihambani, kando ya migomba, wala hajiziki; huzikwa na jamaa na majirani. Vivyo hivyo mwenye shaka hawezi kulizika shaka lake peke yake.

Kiswahili nacho kina picha yake: shaka huondolewa, kama mzigo utuliwavyo kichwani. Tena neno "mashaka" lina maana mbili, yaani wingi wa shaka, na taabu. Kwa asili ya Kiarabu hayo ni maneno mawili mbalimbali, lakini masikioni mwetu yamekuwa neno moja. Na mara nyingi ndivyo yalivyo moyoni. Mama aliyefiwa na mwanawe akiuliza kama Mungu amemwacha, haulizi swali la mafundisho tu, analia. Tukimjibu, "Mama, ondoa shaka," twamwongezea mzigo wa pili: ana kilio, na sasa ana hatia ya kutokuamini.

Tutazame Yohana 20. Tomaso alipokuwa na shaka, wenzake hawakumtenga. Baada ya siku nane alikuwa pamoja nao. Bwana alipokuja alimwonyesha kwanza majeraha yake, ndipo akamwagiza aamini. Agizo lilifuata zawadi. Luther alifundisha vivyo hivyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: kuamini si kazi ya akili wala nguvu zetu, bali ni ya Roho Mtakatifu atuitaye kwa Injili.

Basi, neno hili tulitumieje? Tulitumie kama ahadi, si kama amri. Waraka wa Yuda, aya ya 22, wataka wenye shaka wahurumiwe. Mchungaji na aketi, asikilize mpaka mwisho, kisha alete Neno, sala na Meza ya Bwana. Shaka lisipoondoka siku hiyo, asimlaumu mtu wala asijilaumu. Juma lijalo na arudi tena. Aliondoaye ni Bwana. Sisi tumetumwa tu kukaa na mwenye mzigo mpaka autue.