Bolí mě koleno: Kicheki kwa mwenye goti bovu



Jirani yangu hapa Al Khuwair, bibi mtu mzima mzaliwa wa Unguja, anakwenda Teplice kwa ajili ya magoti. Ni mji wa kaskazini ya Jamhuri ya Cheki wenye chemchemi za maji moto, na wagonjwa wa Ghuba wanaujua vizuri. Jina lenyewe limetokana na teplý, yaani -a vuguvugu. Nikamwambia mbona Rustaq kuna Ain al Kasfa, karibu tu? Akacheka: "Huko nshakwenda, mwanangu."

Wakalimani wa Kiarabu wapo, lakini mkalimani haingii na mgonjwa ndani ya hodhi, wala hakeshi naye usiku. Bibi anataka aweze kusema mwenyewe panapomuuma. Basi, kwa kuwa nilisoma huko zamani, kazi ikaniangukia mimi.

Tulianza na Bolí mě koleno. Goti linaniuma. Mwenye kufikiri kwa Kiingereza huanza kutafuta "nina maumivu", akapotea. Sisi hatuna taabu: goti ndilo linalotenda, mimi nimetendwa. Hiyo mě ndiyo -ni- yetu, ila imesimama peke yake. Badilisha kiungo tu: bolí mě hlava, kichwa, bolí mě záda, mgongo. Bibi alizishika zote kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Halafu Nerozumím, sielewi. Ndani yake mna rozum, yaani akili. Kukanusha kumekaa mbele, kama si- yetu, na "mimi" kumekaa nyuma, kwenye -ím. Neno moja, sentensi nzima. Mswahili yuko nyumbani kabisa hapa.

Makundi ya nomino ni matatu, kiume, kike na kati, na sifa hufuata nomino. Aliyelelewa na ngeli hashtuki: nové koleno, nový dům, nová kniha, goti jipya, nyumba mpya, kitabu kipya. (Goti jipya bibi halitaki, ndiyo maana anakimbilia maji moto.)

Nilipokosea mimi ni kwenye wakati uliopita. Nilimfundisha Nespal jsem, sikulala, kwa mazoea yangu ya kiume. Angelisema hivyo, muuguzi angelimsikia mwanamme! Mwanamke husema Nespala jsem. Kiarabu hakibagui hapa. Nimtu ni ya mume na mke. Kicheki kinabagua hata pale mtu anapojisemea mwenyewe.

Sasa penye kazi khasa. Maji ni voda. Nataka maji: Chci vodu. Bila maji: bez vody. Majini: ve vodě. Kiswahili kimebadilika hapo mwisho tu, kwa -ni. Waliosoma Ajurumiya watasema, ahaa, hii i'rabu! Ndiyo, mansubu ipo, na baada ya bez kama vile majruru. Lakini tahadharini, kwani wasomi ndio wanaodanganyika zaidi. Kwa Kiarabu mtenda huishia u na mtendwa a: al-māʼu, al-māʼa. Kicheki kimegeuza kichwa chini miguu juu: voda ndiye mtenda, vodu mtendwa. Isitoshe, hali zao ni saba, na nomino za kiume zina miisho yake nyengine. Bibi, ambaye hakusoma nahau, hakubabaika; alikariri sentensi kama zilivyo. Mimi mwaka wangu wa mwanzo nilibabaika sana.

Hali moja katika hizo saba ni ya kuita tu. Muuguzi ni sestra, neno lile lile la dada, kama kwetu watu walivyomwita muuguzi sista. Lakini ukimwita ni Sestro! Tukaunganisha: Sestro, bolí mě koleno. Hapo bibi akanyamaza kidogo, akairudia mara tatu, akasema hii itamtosha usiku.

Kilichobaki ni mkazo. Wao hukaza silabi ya mwanzo, KO-leno. Sisi ya pili kutoka mwisho. Alama juu ya á au í ni ya kurefusha irabu, haihusu mkazo. Nimemsahihisha wiki nzima, na jana usiku alipopiga simu kuuliza saa ya ndege bado anasema ko-LE-no. Nimemwacha. Watamwelewa.